Programu inasema "uhakika asilimia 92" kwa mtamba mgonjwa. Hiyo 92 imetoka wapi?

Kupe_wa_Nakasongola

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Nakasongola, Uganda, kwenye ukanda wa ng'ombe. Ni mhudumu wa mifugo, si daktari kamili. Daktari wa wilaya tunaye, ila kufika kwake kunategemea mafuta ya pikipiki. Kiswahili changu nimekulia nacho kambini, kwa hiyo mkiona amri nyingi mnisamehe.

Kikundi chetu kina madaftari ya miaka: dalili za mnyama, tulichodhani ni ugonjwa gani, tulimchoma nini, alipona au alikufa. Mpwa wangu anayesoma kompyuta ameyaingiza yote kwenye mashine na kutengeneza programu ya simu. Unaandika dalili za mnyama mpya, inakutafutia visa vitano vya zamani vinavyofanana naye zaidi, kisha inakupa jibu na asilimia ya uhakika.

Sasa kisa chenyewe. Mtamba chotara wa Friesian. Joto 40.8. Hataki kula, manyoya yamesimama, kupe wapo masikioni. Kinyesi kigumu na kikavu. Ufizi umepauka. Tezi za chini ya sikio na za begani nilizishika, hazijavimba. Programu ikajibu: ndigana kali, ule ugonjwa wa kupe unaovimbisha tezi, uhakika asilimia 92.

Kwa mtu aliyeshika ng'ombe, ufizi uliopauka na kinyesi kikavu vinakupeleka ndigana baridi, ugonjwa mwingine wa kupe, unaopunguza damu. Nikampigia daktari, naye akasema hivyohivyo. Damu ikawekwa kwenye kioo, hadubini ikaonyesha ndigana baridi. Akachomwa oksitetrasaiklini, sasa anakula.

Programu kukosea si neno, kila mtu hukosea. Kinachonikera ni hiyo 92. Ingesema 55 ningeielewa. Nimemuuliza mpwa wangu, anasema "ni kiasi anachofanana na kisa cha karibu zaidi". Kwa hiyo naleta kwenu: huo ndio uhakika?

Dereva_Malaba

Nimeweka kambi hapa. Ng'ombe mimi namjua akiwa mchomo tu, lakini kichwa cha uzi kimenivuta.

Hesabu_Kikoni

Mzee wangu, heshima yako. Mpwa wako amekwambia kweli, na tatizo liko humohumo. Hiyo 92 inajibu swali la "huyu anafanana kiasi gani na yule wa zamani?" Wewe ulitaka kujua "jibu hili lina nafasi gani ya kuwa sahihi?" Ni maswali mawili, na la kwanza linaweza kuwa na jibu kubwa wakati la pili liko hoi.

Angalia safu za programu yenu. Homa, kutokula, manyoya kusimama, kupe. Ng'ombe gani mgonjwa huko kwenu hana hivyo vinne? Kila mgonjwa anafanana na kila mgonjwa mwenzake kwa alama hizo za bure. Zinazotenganisha ndigana kali na baridi ni tezi, ufizi, kinyesi na upumuaji, na nahisi programu imezipa uzito uleule iliyoipa "kupe wapo". Ndiyo maana mtamba asiyevimba tezi hata moja anapewa 92 ya ndigana kali.

Kufikiri kwa visa vilivyopita si jambo jipya kwenye kompyuta. Roger Schank na wanafunzi wake pale Yale, Marekani, waliliweka msingi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mmoja wao, Janet Kolodner, akajenga programu iliyoitwa CYRUS. Mwaka 1994 Agnar Aamodt na Enric Plaza wakaipanga kazi yote katika hatua nne ambazo mpaka leo ndizo zinazofundishwa: tafuta kisa, kitumie, kirekebishe, kihifadhi. Zipitie tena. Hakuna hatua ya "jiulize una uhakika gani". Waliolivalia njuga hilo walikuja baadaye, mmojawapo William Cheetham wa General Electric, ambako visa vya zamani vilitumika kutafuta mchanganyiko wa rangi za plastiki. Mchanganya rangi anataka kujua siku ya kuiamini mashine na siku ya kuiweka pembeni, kama wewe na sindano yako.

Sasa tufanye mfano. Namba natunga mwenyewe, usizichukue kama za mtamba wako. Visa vitano vya karibu, na ufanano wa kila kimoja:

0.92 ndigana kali
0.90 ndigana baridi
0.89 ndigana baridi
0.88 ndigana kali
0.87 ndigana baridi

Programu ya mpwa wako inaangalia mstari wa kwanza na kufunga daftari. Lakini tatu kati ya tano ni baridi. Ukijumlisha ufanano, kali inapata 1.80, baridi 2.66, jumla 4.46. Baridi ina karibu asilimia 60. Halafu pima pengo: kali wa karibu zaidi ni 0.92 na baridi wa karibu zaidi ni 0.90. Tofauti ya 0.02! Mtu mmoja akisoma kipimajoto vibaya kidogo, jibu linageuka. Majirani wakigombana hivi, programu ilipaswa kusema wanagombana.

Kupe_wa_Nakasongola

Nimekuelewa kijana. Kwa hiyo badala ya 92 iandike baridi 60, tumemaliza?

Hesabu_Kikoni

Bado mzee. Hiyo 60 nayo ni hesabu ya kura, haijapimwa na ukweli. Ili asilimia 60 iwe na maana, ukikusanya majibu yote ambayo programu iliyapa 60, karibu sita katika kila kumi yawe yalikuwa sahihi. La sivyo ni pambo.

Na kujua hilo hakuhitaji ng'ombe mpya. Madaftari yanatosha. Chukua kisa kimoja, kitoe, jifanye hujui jibu lake, waulize waliobaki. Andika programu imesema nini na kwa asilimia ngapi, kisha linganisha na ukweli. Kirudishe, toa kinachofuata, mpaka viishe. Halafu yapange majibu kwa makundi: yaliyopewa 90 kwenda juu, ya 80, ya 70, uone kila kundi lilipatia mara ngapi.

Kama unataka namba moja ya kulinganisha programu mbili, kuna kipimo cha Glenn Brier, mtu wa utabiri wa hali ya hewa huko Marekani, cha mwaka 1950. Unachukua tofauti kati ya ulichosema na kilichotokea, unaizidisha kwa yenyewe. Ukisema 0.9 na ukapatia, adhabu ni 0.01. Ukisema 0.9 na ukakosea, 0.81. Ukisema 0.6 ukakosea, 0.36. Anayesema 0.5 siku zote, bila hata kumwangalia mnyama, anapata 0.25. Programu ikizidi hapo kwa wastani, basi hata shilingi ya kurusha juu inaishinda. Majigambo ndiyo yanayoadhibiwa vikali, na ndicho unacholalamikia.

Mama_Mitamba

Nawasoma kutoka Kiruhura. Kijana wa Kikoni, mwanangu, hesabu zako tamu. Sasa niambie: huo "ukweli" utakaolinganisha nao umeupata wapi?

Daftari likisema "ndigana kali, alipona", mimi niliyezeekea zizini najua kilichotokea mara nyingi. Mhudumu alifika jioni, mnyama ana homa, hadubini haipo, mwenye ng'ombe amesimama hapo na fimbo yake anataka kuona sindano. Mhudumu akachoma buparvakuoni kwa ajili ya kali, na oksitetrasaiklini kwa ajili ya baridi, sindano mbili kwa mpigo. Mnyama akapona. Alikuwa na nini? Hakuna ajuaye. Lakini daftarini iliandikwa kali, kwa sababu dawa ya kali ndiyo ya bei kubwa na ndiyo ilibidi ielezwe kwa mwenye pesa.

Na hapo sijataja mnyama mwenye vyote viwili. Yupo sana.

La pili, neno "alipona". Mwenye ng'ombe asipopiga simu tena, mhudumu anaandika alipona. Kumbe mnyama aliuzwa kwa mchinjaji kesho yake akiwa bado anasimama. Programu yenu inajifunza kwamba matibabu yale yalifaa. Kila kisa cha namna hiyo kinaongeza uhakika wa kitu ambacho hakikutokea.

Mimi ningeanza na safu moja tu: ugonjwa ulijulikanaje? Kwa hadubini, kwa daktari kumfungua mnyama aliyekufa, au kwa macho ya mhudumu. Kura ya kisa kilichoonekana kwenye hadubini haiwezi kulingana na kura ya kubahatisha.

Dereva_Malaba

Mama umemwaga mchele kwenye kuku wengi.

Kupe_wa_Nakasongola

Mama Mitamba, umesema ya kwetu kabisa. Sindano mbili ni jambo la kila wiki huku. Nimefungua daftari sasa hivi, safu ya vipimo haipo, ila vipande vya karatasi za maabara vimebanwa kwa pini kwenye baadhi ya kurasa. Hivyo tunaweza kuvirudia.

Jambo jingine nimeliona wakati nafungua. Kuna kurasa ambazo zizi moja lina ng'ombe kumi na kitu, siku moja, dalili zilezile, jibu lilelile. Daktari aliangalia damu ya mmoja, waliobaki wakaandikwa vivyo hivyo. Hiyo ina neno?

Hesabu_Kikoni

Ina neno kubwa mzee, na mama, nimekubali, nimekaa chini.

Zizi moja, siku moja, mwandishi mmoja: hao kumi hawana habari kumi. Wana moja. Mnyama mpya akitua karibu na kundi hilo, majirani wote watano watakuwa ng'ombe wa mzee mmoja. Watakubaliana mia kwa mia na programu itasema ina uhakika kamili, kumbe ni sauti ya shahidi mmoja inayorudiwa mara tano.

Na inaharibu hata ule mtihani niliokupa. Ukitoa ng'ombe mmoja wa zizi hilo na kuwaacha ndugu zake tisa ndani, bila shaka watamtambua! Mtihani utatoka mzuri mno, halafu ukienda zizi jipya programu inaanguka. Kwa hiyo toa zizi zima kwa mkupuo. Waulize wa mazizi mengine. Alama zitashuka, usishtuke, hizo za chini ndizo zinazofanana na kazi yako, maana kila siku unaitwa kwenye zizi ambalo programu haijawahi kuliona.

Barry Smyth na Mark Keane waliandika mwaka 1995 kuhusu kusahau visa kwa makusudi: kisa ambacho jirani zake wanaweza kukijibia kinaweza kuondoka bila hasara, lakini kile ambacho peke yake ndicho kinachofunika dalili fulani usikiguse. Ng'ombe tisa wa zizi moja wanaweza kuondoka. Yule wa pekee aliyetembea akinyanyua miguu juu kama anavuka maji na kugonga kichwa ukutani, yule wa ugonjwa wa maji moyo, mtunze kama mboni ya jicho.

Nesi_wa_Semliki

Mimi natibu watu, lakini mmegusa panaponihusu. Hata mkiondoa visa vya kujirudia, kuna shimo jingine: programu ya kutafuta kisa cha karibu haikosi kisa cha karibu. Mlete nyati, itakupa ng'ombe watano.

Bundibugyo, 2007. Watu wana homa, wanatapika, wanaharisha. Kwetu kisa cha karibu zaidi cha dalili hizo siku zote ni malaria au homa ya matumbo. Kilichokuja kujulikana baadaye ni aina ya virusi vya Ebola isiyowahi kuonekana popote duniani, ndiyo leo inaitwa kwa jina la wilaya yetu. Hakuna daftari lililokuwa nayo. Mashine ya majirani watano ingesema malaria kwa kura tano, bila aibu.

Kinyume chake ni Gulu mwaka 2000. Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor alikuta wauguzi wanakufa kwa namna isiyofanana na kitu chochote alichokizoea. Hakulazimisha kisa cha karibu. Alikwenda kusoma taarifa za milipuko ya nchi nyingine, akashuku Ebola kabla maabara haijathibitisha. Yeye mwenyewe alifariki Desemba mwaka huohuo kwa ugonjwa uleule. Mlipuko ule ulikuwa na wagonjwa 425, na 224 walikufa.

Kwa hiyo swali la kwanza la programu liwe: kuna yeyote kati ya hawa watano aliye karibu kweli? Kama hayupo, kura zao zisihesabiwe.

Halafu tofautisheni uhakika wa ugonjwa na uhakika wa dawa. Mubende, Septemba 2022, ilikuwa Ebola, sote tulijua Ebola ni nini. Lakini ilikuwa aina ya Sudan, na chanjo iliyokuwa imeidhinishwa ilitengenezwa kwa aina ya Zaire. Kisa kinafanana, jina la ugonjwa ni lilelile, suluhisho la kule halihamishiki huku. Mlipuko ulidhibitiwa kwa kufuatilia waliokutana na wagonjwa na kuwatenga, ukatangazwa kwisha Januari 11, 2023, ukiwa na visa 142 vilivyothibitishwa na vifo 55 kati yake.

Wakili_Mbale

Napita haraka. Sisi mahakamani tunaishi kwa visa vilivyopita, na jambo la kwanza tunaloangalia ni kama kisa bado kina uhai. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu kwenye shauri la Susan Kigula na wenzake ilisema adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba. Siku hiyo rundo la hukumu za zamani zilizokuwa "zinafanana kabisa" zikakosa nguvu upande wa adhabu. Nyie wa kupe hamna kitu kama hicho?

Mama_Mitamba

Tunacho wakili. Dawa za kuogeshea. Kupe wa huku kwetu wamezizoea baadhi yake, na kisa cha "aliogeshwa kila wiki, kwa hiyo si ugonjwa wa kupe" cha miaka ya nyuma leo kinaua. Tarehe ya kisa ihesabiwe kwenye uzito.

Mpwa_Laptopu

Nimeitwa nije nijitetee 😅

Mimi ndiye mpwa. Hoja zote nimezipokea, lakini mnisikilize na mimi. Toleo la kwanza lilikuwa linasema "sina hakika" mara nyingi. Wahudumu wakaacha kulitumia ndani ya mwezi. Mmoja akaniambia, "Kutojua hata mimi naweza, bila bando." Nikaweka asilimia, wakafurahi. Sasa mnataka nirudi kulekule?

Kupe_wa_Nakasongola

Mpwa, walifurahi kwa sababu namba inawapa kitu cha kumwonyesha mwenye ng'ombe. Mimi ni mmoja wao, nawajua.

Mama_Mitamba

Mwanangu usirudi kulekule. "Sina hakika" tupu haimsaidii mtu saa moja jioni. Mwambie mhudumu afanye nini ili apate uhakika. Kali na baridi zikigombana, iseme: "Shika tezi za begani. Angalia ufizi. Chukua damu kwenye kioo, na kama tezi imevimba chukua na maji ya tezi." Dalili moja iliyoulizwa vizuri inamaliza ugomvi wa majirani.

Na kuna jambo ambalo hesabu za Kikoni hazijaligusa. Hasara haziko sawa. Chotara mwenye ndigana kali akicheleweshwa anakufa, na buparvakuoni inafaa zaidi ikiwahi. Oksitetrasaiklini peke yake haitamponya kali iliyokwisha kushika. Kwa hiyo daktari anaweza kuamua kutibu kali hata programu ikisema nafasi yake ni tatu kwa kumi, kwa sababu kukosea upande ule ni bei ya dawa na kukosea upande huu ni bei ya mtamba. Kwa ndama wa Ankole aliyezaliwa katikati ya kupe na ana kinga ya utotoni, hesabu hiyo inabadilika. Namba yenu iwe ya kweli, halafu uamuzi muachieni anayejua bei.

Hesabu_Kikoni

Naongezea hapo kwa mpwa. Usitafute kipimo kimoja cha ajabu. Sarah Jane Delany na wenzake huko Dublin walijaribu vipimo kadhaa vya uhakika kwenye programu ya visa inayochuja barua pepe taka, wakakuta hakuna kimoja kilichofaa peke yake kila mahali, ndipo wakaviunganisha. Kwako naona vinne vinatosha kuanzia: ukaribu wa kisa cha kwanza, kura za majirani wa mazizi tofauti, pengo kati ya jibu la kwanza na mpinzani wake, na ubora wa ushahidi wa visa hivyo. Kwenye kioo cha simu usionyeshe vyote. Onyesha "choma", "pima kwanza", au "piga simu kwa daktari", na asilimia ndogo chini kwa anayetaka.

Hilo neno "choma" lisitokee mpaka kundi lake limefaulu ule mtihani wa kutoa zizi zima.

Mpwa_Laptopu

Sawa. Nimekesha nao huo mtihani. Wa kutoa mnyama mmoja mmoja, programu ilitoka inang'aa. Wa kutoa zizi zima, majibu ya "90 kwenda juu" yalianguka mpaka hayana tofauti ya maana na yale ya 70. Nilipoongeza uzito wa tezi, ufizi na kinyesi na kupunguza wa homa na kupe, yakaanza kuachana tena. Vile vya sindano mbili nimeviwekea alama, havipigi kura kabisa kwenye ugonjwa.

Nimekwama sehemu moja. Daftari mbili za mwanzo kabisa hazina jina la zizi, zina jina la mhudumu na kijiji tu. Nizitupe?

Mama_Mitamba

Usitupe. Kijiji kimoja, mhudumu mmoja, wiki moja: hesabu kama zizi moja. Utapoteza visa vichache vya halali, si kitu.

Kupe_wa_Nakasongola

Na huyo mhudumu wa daftari la kwanza bado yupo, anafuga kuku Migyera. Jumamosi nitampelekea daftari lake, akae na mpwa wanitajie mazizi moja moja. Dereva, ukipita barabara ya Gulu njoo utubebee hadubini ya kikundi, iko kwa fundi Kampala tangu mvua za mwanzo.

Dereva_Malaba

Nitumie namba ya fundi kwa ujumbe wa faragha. Alhamisi napita na mzigo wa Elegu.